Muheme Haina Mpaka wa Mkoa

Mwanamke wa Kigogo anayepiga muheme haiachi ngoma yake chini. Huibana kwa mapaja, akaiinamisha kidogo, mikono yote miwili ikabaki huru kuipiga. Ngoma yenyewe ni gogo moja lililochimbwa ndani, pana juu na chini, jembamba kiunoni. Wenzake wamejipanga kando yake, shanga kifuani, njuga miguuni, mabega yakitetemeka kwa pamoja hadi shanga nazo zinatoa mlio. Mgeni anayeona muheme kwa mara ya kwanza humtafuta mwanamume anayeongoza kundi. Hayupo. Katika sehemu kubwa ya Tanzania wanaume hupiga ngoma na wanawake wakacheza; Ugogo uliwapa wanawake ngoma hii tangu zamani, na hakuna aliyewanyang'anya.

Muheme ni mojawapo ya ngoma zinazobeba tamasha la muziki wa Cigogo la Chamwino, mkoani Dodoma, lililoanza mwaka 2009. Aliyelianzisha ni Dkt. Kedmon Mapana, Mgogo aliyekulia katika muziki huo kabla ya kuwa mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na baadaye Katibu Mtendaji wa Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA. Kupitia Kituo cha Sanaa cha Chamwino aliwakusanya wapigaji na waimbaji wa vijijini, watu ambao kwa miaka mingi walipigia harusi, jando na mavuno ya kwao, akawapa uwanja mmoja wa kukutania na kusikilizana.

Msomaji wa Singida anaweza kudhani hiyo ni habari ya mkoa wa jirani. Lakini Ugogo hauishii kwenye bango la mpaka. Wilaya ya Manyoni, iliyo ndani ya Mkoa wa Singida, ni nyumbani kwa Wagogo pia, na kuanzia Kilimatinde hadi Kintinku mtu akisalimia "mbukwenyi" ataitikiwa kama angeitikiwa Mvumi au Chamwino. Mikoa ilichorwa na watawala, wa kikoloni na wa baada ya uhuru. Nyimbo, mifugo na ndoa zilikuwa zimeshavuka kabla ya hapo.

Safari ya kutoka Singida mjini kwenda Chamwino inaonyesha jambo hilo waziwazi. Barabara inaacha nyuma Ziwa Singidani na Ziwa Kindai, maziwa ya maji ya chumvi yaliyoukumbatia mji, na yale majabali makubwa ya mviringo yaliyotawanyika kila upande. Inapita mashamba ya alizeti ya Ikungi, nchi ya Wanyaturu, kisha inaingia Manyoni, mahali ambapo reli ya kati inakutana na tawi la Singida. Baada ya Manyoni ardhi inakatika ghafla. Barabara inateremka ukingo wa Bonde la Ufa, na chini inatandazika mbuga ya Kintinku na Bahi, tambarare inayolimwa mpunga mvua zikikubali, pamoja na mibuyu na mifugo. Kuanzia hapo ni Dodoma, na kilomita zipatazo thelathini mashariki ya jiji hilo ndipo Chamwino ilipo, karibu na barabara kuu ya Morogoro.

Njia hii ni ya zamani sana. Misafara ya pembe za ndovu ilipita Ugogo ikitoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji. Wapelelezi Burton na Speke walipita mwaka 1857, Stanley mwaka 1871. Wote waliandika juu ya hongo waliyodaiwa na watemi wa Kigogo, na waliandika kwa hasira, maana wageni walizoea kutoa amri na si kutozwa ushuru. Lakini mtemi wa Ugogo alikuwa na sababu nzuri. Nchi yake hupata mvua za msimu mmoja tu, kati ya Desemba na Aprili, na visima vyake vilikuwa uhai wa watu na ng'ombe. Msafara wa mamia ya watu ukinywa kisima hadi kikauke, aliyebaki na kiu ni mwenyeji.

Ukame ndio uliotengeneza muziki huu kwa kiasi kikubwa. Nyimbo nyingi za Ugogo zimefungwa kwenye mwaka wa mkulima na mfugaji: mvua inapoombwa, mavuno yanapoingia, vijana wanapotolewa jandoni. Njaa ya Mtunya, iliyotokana na Vita Kuu ya Kwanza baada ya majeshi ya Wajerumani na Waingereza kuchukua nafaka, ng'ombe na wapagazi, inakadiriwa kuua watu wapatao 30,000 katika Wilaya ya Dodoma ya wakati huo. Nchi iliyopita katika jambo kama hilo haiwezi kuimba mvua kama pambo. Mathias Mnyampala, mshairi mkubwa wa Kiswahili aliyezaliwa Ugogo mwaka 1917, aliyaweka mambo ya watu wake katika kitabu chake cha mwaka 1954, Historia, Mila na Desturi za Wagogo wa Tanganyika. Kijana yeyote wa Manyoni au Dodoma anayetaka kujua ngoma za babu zake zilichezwa wapi na kwa nini, aanzie hapo.

Anayekwenda Chamwino kwa ajili ya jukwaa peke yake atakosa nusu ya mambo. Sanaa ya Ugogo huanza kwenye shoka na tezo, kabla ya sauti yoyote kutoka. Ilimba, chombo ambacho Waswahili wengi hukiita marimba ya mkono, ni sanduku la mti lililochongwa na kutobolewa ndani, juu yake vikapangwa vipande vya chuma vilivyofuliwa vikawa bapa. Chuma hicho si cha duka maalumu. Fundi hutumia misumari, spoku za baiskeli, vipande vya mwavuli uliovunjika, chochote kinachokubali nyundo. Kila kipande hupimwa kwa sikio. Kikisukumwa mbele kidogo sauti inashuka, kikirudishwa nyuma inapanda. Kazi ya kuipanga ilimba inaweza kumchukua fundi muda mrefu kuliko kuichonga.

Jambo la kushangaza katika ilimba kubwa ni kwamba si vyuma vyote vinavyopigwa. Vidole gumba vinacheza katikati, na vile vya pembeni vimewekwa ili vitetemeke vyenyewe pale wenzao wa sauti ileile wanapoguswa. Kwa hiyo mpigaji mmoja anasikika kama kundi. Kisha kuna tundu dogo kwenye sanduku, ambalo fundi hulifunika kwa utando wa buibui. Utando huo hutoa ule mvumo wa chinichini ambao mgeni hudhani ni kasoro ya spika. Mgogo asipousikia huona chombo hakijakamilika.

Zeze nalo lina siri zake. Lina kifuu au kibuyu kilichowambwa ngozi, mti wa kushikia, nyuzi na upinde wa kuzisugulia. Hapo kale nyuzi zilitoka kwa wanyama na mimea. Siku hizi nailoni na waya hutumika sana. Upinde hupakwa utomvu wa mti ili ushike. Mpigaji hulikandamiza zeze kwenye kifua au tumbo, na waliozoea husema sauti huisikia kwanza mwilini, kabla ya sikio.

Wataalamu wa muziki wamekuwa wakiufuata Ugogo kwa sababu moja ya pekee. Ngazi ya sauti za Kigogo haifanani na ile ya piano wala ile ya kwaya za kanisani. Gerhard Kubik, mtafiti wa Austria aliyezunguka Tanganyika mwanzoni mwa miaka ya 1960, alieleza kwamba inatokana na sauti za asili zilizojificha ndani ya uzi mmoja unaotetemeka, kuanzia sehemu ya nne hadi ya tisa ya mfululizo wa sauti hizo. Hii ndiyo sababu waimbaji wa nindo, uimbaji wa Kigogo wa sauti nyingi, wanaume na wanawake, wakiachiana sauti juu na chini, huonekana wanaimba kitu kilichopangwa na mwalimu wa kwaya, ilhali hakuna daftari wala fimbo ya kuongoza. Masikio yao yamelelewa na zeze. Polo Vallejo, Mhispania aliyefanya kazi miaka mingi katika kijiji cha Nzali, aliona jambo hilohilo kwa watoto, na mwaka 2004 alitoa kitabu cha nyimbo zao kiitwacho Mbudi Mbudi na Mhanga. Watoto wa Ugogo, kwa maneno mengine, wanaanza kuimba sauti nyingi wakiwa bado wanacheza vumbini.

Jina lililoipeleka ngazi hiyo ya sauti duniani ni Hukwe Zawose. Alizaliwa Ugogo mwishoni mwa miaka ya 1930, akachunga ng'ombe, akajifunza zeze na ilimba kwa wazee. Mwishoni mwa miaka ya 1960 serikali ya Mwalimu Nyerere ilimwita Dar es Salaam kuwa msanii wa taifa, na baadaye akahamia Bagamoyo, kilipo Chuo cha Sanaa kilichoanzishwa mwaka 1981, ambacho leo ni Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, TaSUBa. Rekodi yake ya Tanzania Yetu ilitoka Uingereza mwaka 1985. Chibite ikafuata mwaka 1996 kwa kampuni ya Real World ya mwanamuziki Peter Gabriel, na mwaka 2002 yeye na mpwa wake Charles walizunguka na Gabriel huyo kwenye majukwaa makubwa. Sauti yake ilipanda na kushuka kwa umbali ambao waandishi wa magazeti ya Ulaya walishindwa kuupima. Alifariki Bagamoyo tarehe 30 Desemba 2003.

Kizazi chake hakikunyamaza. Pendo Zawose, binti yake, na Leah Zawose, mjukuu wake, wanajulikana sasa kama The Zawose Queens, na mwaka 2024 walitoa albamu ya Maisha kwa Real World. Uzito wa jambo hilo unaonekana vizuri zaidi ukiwa Ugogo. Wanawake walikuwa na muheme, lakini zeze na ilimba vilikuwa mikononi mwa wanaume, na katika familia ya Zawose yenyewe wanawake kwa muda mrefu walikuwa wacheza ngoma na waitikiaji nyuma ya wanaume. Sasa wanaongoza. Hakuna aliyewapa kibali maalumu; walijifunza vyombo na wakapanda mbele.

Hata hivyo hadithi ya Zawose inaacha swali gumu. Mpigaji bora wa Ugogo aliondoka Ugogo. Alikwenda pwani, akafundisha pwani, akafia pwani, na vijana wengi waliotaka kumfuata walijua njia inapita Bagamoyo. Hapo ndipo Chamwino inapopata maana yake kubwa. Tamasha lililowekwa katikati ya vijiji humfanya mpigaji apimwe na watu wanaoufahamu wimbo. Mzee aliyeketi chini ya mti akisikia ilimba imepangwa vibaya atajua mara moja. Mama aliyewahi kupiga muheme miaka arobaini iliyopita ataona kama msichana anajua kuibana ngoma au ameiga kutoka kwenye simu. Hadhira ya aina hiyo haipatikani Paris, na kwa kweli haipatikani hata Dar es Salaam.

Wanaopenda matamasha watafikiria mara moja Zanzibar, na ni haki. Sauti za Busara imejaza Ngome Kongwe ya Mji Mkongwe kila Februari kwa miaka mingi tangu 2004, na imewapandisha jukwaani wasanii wa bara na visiwa ambao wasingesikika kwingine. Kule Makunduchi, sherehe ya Mwaka Kogwa ni ya wenyeji wenyewe, na wageni hukaribishwa kutazama. Kisiwani Lamu, nchini Kenya, tamasha la utamaduni huleta pamoja mbio za punda, mashindano ya jahazi, bao, hina na wachonga milango, katika mji ulioingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2001. Visiwa vina bahari, hoteli na ndege za moja kwa moja, na mtalii anayekuja kuogelea Nungwi anaweza kushawishika kukaa usiku mmoja zaidi kusikiliza muziki. Katikati ya Tanzania hakuna bahari ya kumshawishi mtu. Mtu anayekwenda Chamwino amekwenda kwa ajili ya ngoma.

Hilo lina gharama yake. Tamasha la kisiwani huweza kutegemea tiketi za wageni. La kijijini hutegemea wafadhili, moyo wa waanzilishi na nguvu za vikundi vyenyewe. Lakini lina faida ambayo matamasha ya kitalii hulilia: wachezaji na watazamaji ni walewale. Mwenye ngoma leo ni mtazamaji kesho, na mtoto anayekimbia kati ya safu mbili hizo anajifunza bila kusajiliwa kwenye darasa lolote. Mapana aliwahi kuandika, katika utafiti wake juu ya watoto wa Kigogo, kwamba shule za kisasa ziliukata uzi huo, kwa kuwa mtoto alitumia siku nzima mahali ambapo muziki wa kwao haukuwa na kipindi. Tamasha ni jaribio la kuuunga tena.

Kuna jambo moja ambalo hakuna anayependa kulizungumza penye sherehe, na halifai kuachwa. Muheme ilizaliwa katika unyago, na unyago wa Ugogo uliambatana na ukeketaji wa wasichana. Dodoma na Singida zote zimo kwenye orodha ya mikoa iliyoumizwa zaidi na desturi hiyo: utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa 2015/16 ulionyesha asilimia 47 ya wanawake wa Dodoma na asilimia 31 ya wanawake wa Singida walio katika umri wa kuzaa wamekeketwa, wakati wastani wa nchi ulikuwa asilimia 10. Sheria ya mwaka 1998 inakataza kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18, lakini sheria pekee haikutosha, na katika baadhi ya vijiji kisu kilihamia kwa watoto wachanga ili kisionekane.

Wapo waliosema dawa ni kuizima ngoma yenyewe. Baadhi ya wamisionari wa mwanzo walifikiri hivyo, na Wakristo wengi wa kizazi cha kwanza waliambiwa waache zeze mlangoni. Historia imewakosoa. Leo makanisa ya Anglikana ya Ugogo, katika dayosisi iliyoanzishwa mwaka 1927 na nyingine zilizozaliwa kutokana nayo, ikiwemo ile yenye makao Manyoni, yana kwaya zinazopiga zeze, ilimba na ngoma kwa ufundi ambao wamisionari wale wasingeutambua. Muheme imefuata njia kama hiyo. Mapana alionyesha mwaka 2007 jinsi ilivyotoka unyagoni ikaingia kwenye sherehe za kitaifa, shule na majukwaa, na wanaume wakaanza kushiriki. Kila msichana anayeipiga ngoma hiyo Chamwino bila kisu kuwa nyuma yake anathibitisha kwamba viwili hivyo vinaweza kutenganishwa. Kwa mkoa kama Singida, huenda hakuna hoja iliyo na nguvu zaidi kuliko hiyo ya kuiunga mkono ngoma yenyewe.

Pembeni mwa uwanja wowote wa ngoma Ugogo utakuta kazi za mikono: vibuyu vilivyochorwa, vigoda, shanga, vyungu, na zeze ndogo zilizotengenezwa kwa ajili ya kuuzwa. Hapa ndipo mkoa wa Singida una mengi ya kuleta. Mwaka 2022 sensa ilihesabu watu 2,008,058 katika mkoa huo, na ndani yake wamo Wanyaturu, Wanyiramba, Wanyisanzu, Wagogo, Wakimbu, Wabarabaig na Wahadzabe wa Mkalama, kila mmoja na mikono yake. Vikapu vya akina mama wa Unyaturu, vilivyosukwa kwa kubana sana, vinajulikana na wauzaji wa kazi za mikono nje ya mkoa. Wahadzabe huchonga mishale yenye kila aina ya ncha kwa kila aina ya mnyama, na kuimba kwao kwa sauti nyingi kunaweza kukaa jukwaa moja na nindo bila aibu. Harold Schneider, Mmarekani aliyeishi Unyaturu miaka ya 1959 na 1960, aliandika makala nzima mwaka 1966 kuhusu jinsi Wanyaturu wanavyofikiri juu ya uzuri na mapambo. Mtu wa nje aliona ipo falsafa hapo. Wenyeji wengi wanaviona vitu hivyo kama vyombo vya jikoni tu.

Soko lililopo sasa ni Nanenane. Kila Agosti, halmashauri za Dodoma na Singida hukutana katika viwanja vya Nzuguni, Dodoma, kwa maonesho ya Kanda ya Kati. Ni maonesho makubwa na ya maana, lakini ni ya wakulima na wafugaji: mbegu, matrekta, madume ya ng'ombe na mafuta ya alizeti ndivyo vyenye uwanja, na fundi wa ilimba akipata meza huwa imesukumwa kwenye kona. SIDO, shirika la viwanda vidogo lililoundwa mwaka 1973, limewasaidia wafinyanzi, wasusi na wahunzi kwa mafunzo na maonesho yake, na linastahili sifa. Bado, mtu anayenunua zeze anahitaji kusikia likipigwa, na kelele za trekta hazimpi nafasi hiyo. Tamasha la muziki ndilo soko la haki la fundi wa vyombo vya muziki.

Na fundi ndiye aliye hatarini kuliko mwimbaji. Wimbo unaweza kuhifadhiwa: mtafiti wa muziki Hugh Tracey alirekodi Tanganyika mwaka 1950, na kanda zake zipo hadi leo katika maktaba ya muziki wa Afrika huko Afrika Kusini. Lakini hakuna kanda inayoweza kuhifadhi mkono unaojua ngozi ikaushwe kiasi gani, ni mti upi unalia na upi unapasuka, au utando wa buibui unatolewa wapi ukiwa mzima. Maarifa hayo hupita kwa kukaa karibu na mzee na kumchukulia nyundo. Miti mikubwa ya kuchongea ngoma nayo inapungua, kwa kuwa mkaa unaokwenda mijini unaila. Kikundi cha muheme kisichokuwa na fundi wa kukitengenezea ngoma kitacheza miaka michache na ngoma za zamani, kisha kitaanza kupiga ndoo za plastiki. Katika baadhi ya shule hilo limeshaanza.

Ndiyo maana pendekezo la kuwa na siku ya mafundi katika tamasha la aina hii, siku ambayo ilimba inafuliwa na kupangwa mbele ya watu tangu asubuhi hadi jioni, lina uzito zaidi kuliko kuongeza spika. Vilevile Manyoni ingeweza kuwa na ngazi yake ya mchujo. Vikundi vya Kilimatinde, Kintinku na vijiji vya ukingoni vikipimana kwao kwanza, vile vitakavyofika Chamwino vitakuwa vimekuja na watazamaji wao, na halmashauri yao italazimika kujua kwamba ina wasanii. Maofisa utamaduni wa wilaya wapo na wanalipwa mshahara kwa kazi hiyohiyo.

Usafiri umekuwa rahisi kuliko wakati wowote. Treni ya umeme ya reli ya kisasa ilianza safari kamili kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, na kipande cha reli hiyo kimefika hadi Makutupora, ndani ya Manyoni. Kutoka Singida mabasi ya Dodoma hupita kila siku, barabara ni ya lami mwanzo mwisho, na kutoka Dodoma hadi Chamwino daladala hazikosekani. Tamasha huangukia kiangazi, baada ya mavuno, wakati usiku wa Ugogo una baridi inayohitaji koti na mchana una vumbi linalohitaji kitambaa. Tarehe hubadilika mwaka hadi mwaka, kwa hiyo ni vizuri kuuliza Kituo cha Sanaa cha Chamwino au BASATA kabla ya kukata tiketi. Mlenda na ugali wa uwele vipo kila upande. Anayetaka kununua ilimba aende mapema, amwombe fundi aipige kwanza, aangalie kama utando wa buibui bado uko mahali pake, na asiombe punguzo kwa mtu aliyekaa wiki nzima akisikiliza kila chuma hadi kikakubaliana na mwenzake.